Farasi Aliyeitwa Shangazi

Kazi yangu ni kufundisha farasi bila kuwapiga. Watu wakisikia hivyo huniuliza kama ninawabembeleza. Siwabembelezi. Farasi anayebembelezwa hugeuka kitinda mimba: kila kitu ni chake na hakuna anachokijua. Ninachofanya ni kuzungumza naye kwa mwili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. Nikimgeuzia bega nimemwambia kitu. Nikimkazia macho nimemwambia kingine. Nikivuta pumzi na kuitoa taratibu, hapo nimetoa hotuba nzima.

Kazi hii nilijifunza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, kwa mabwana waliotundika mjeledi ukutani kama wengine wanavyotundika kalenda. Mara ya pili nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na safari hiyo nilijifunza kwa vitabu, baada ya shule ya usiku kunifungulia mlango wa kusoma. Nimefundisha farasi wa mbio, farasi wa polisi na farasi wa watoto wa matajiri. Sijawahi kumrudisha mnyama kwa mwenyewe nikisema amenishinda.

Mjane aliyenipigia simu alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa karibu na kituo cha mabasi. Mumewe alifariki ghafla akiwa kazini, moyo ukasimama katikati ya mkutano. Alimwachia jike la farasi la rangi ya hudhurungi, refu, lenye mstari mweupe usoni. Kwenye cheti farasi huyo alikuwa na jina refu la kifahari ambalo hakuna aliyelitumia. Marehemu alimwita Shangazi.

"Kwa nini Shangazi?" nilimuuliza mjane siku ya kwanza, tukiwa tumeegemea uzio.

"Alisema anakutazama kama mtu aliyeshasikia ulichofanya jana, na hajapendezwa."

Nilimtazama yule farasi. Naye alinitazama. Marehemu hakukosea.

Tangu mazishi Shangazi hakukubali kushikwa na mtu. Nyasi alirushiwa juu ya uzio. Kwato zake zilikuwa zimerefuka na kupasuka kingo, kwa maana mkata kwato alikuja, akafukuzwa, akakataa kurudi. Mjane mwenyewe alijaribu kumvalisha kamba ya kichwani, akaburutwa mpaka kwenye nguzo ya geti, na kifundo cha mkono wake kilikuwa bado kimefungwa bandeji.

Siku hiyo hiyo nilikutana na shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, mkandarasi wa majengo mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine ya zege. Shamba lile lilikuwa la familia, na neno lake lilikuwa na uzito.

"Fundi," aliniambia, "sina ugomvi na wewe, wala sina ugomvi na huyo mnyama. Nimemzika mdogo wangu. Sitaki kurudi makaburini kumzika mke wake kwa sababu ya farasi. Mnunuzi nimeshampata na lori linakuja mwisho wa mwezi."

"Shemeji, tulikubaliana," mjane alisema.

"Tulikubaliana, na sivunji neno langu. Kama siku hiyo utamtoa zizini mwenyewe ukampeleka malishoni, bila mtu kukusaidia, mimi nafunga mdomo. Ukishindwa, anapanda lori. Sawa?"

"Sawa."

"Sawa ya kweli, siyo sawa ya kunitoa mlangoni."

"Sawa ya kweli, shemeji."

Alipoondoka, mjane alibaki akikuna rangi iliyobanduka kwenye uzio. Halafu, bila kuulizwa, alisema, "Unajua, mzee, mle ndani kila kitu chake kimenyamaza. Viatu, redio, miwani yake. Huyu peke yake ndiye bado anamsubiri. Ikifika saa yake ya kurudi kutoka kazini anasimama pale kwenye kona, anaangalia barabara. Na mimi niko dirishani, naangalia hiyo hiyo barabara. Tunasubiri wawili. Wakimchukua, nitabaki nasubiri peke yangu."

Nilimwambia atafute mchanga wa kumwaga kwenye uwanja wa duara, kazi ianze kesho.

Uwanja wa duara ni uzio usio na pembe, ili farasi asipate pa kujibanza na mtu asipate pa kumbana. Unasimama katikati, unamwacha akimbie pembeni, na unamsukuma kwa macho na mabega tu. Ukiona sikio moja limegeuka kwako, unapunguza. Akishusha kichwa, unapunguza tena. Akifikiria tu kukusogelea, unamgeuzia mgongo na kumwacha kabisa. Watu hudhani kinachomfundisha farasi ni kule kusukumwa. Hapana. Kinachomfundisha ni kuachwa. Chochote alichokuwa akikifanya wakati ulipomwachia, hicho ndicho atakachokitunza.

Siku za kwanza Shangazi alikimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Nilimwacha akimbie. Kisha akaanza kunisikiliza kwa sikio moja, kama mtu anayejifanya anasoma gazeti huku anafuatilia ugomvi wa jirani. Kabla ya wiki ya pili kwisha alikuwa akinifuata bila kamba. Nikisimama, anasimama. Nikigeuka, anageuka, pua yake karibu na kiwiko changu. Mkata kwato alirudi, akafanya kazi yake akiwa na wasiwasi tele, akaondoka na vidole vyake vyote.

"Mzee, wewe ni mchawi," mjane alisema, akipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja.

"Uchawi ni wa wavivu," nilimjibu. "Kesho unaingia wewe."

Aliingia. Nilikuwa nimemfundisha kila kitu: mabega, macho, mkono uwe wapi, pumzi itoke lini. Alikuwa mwanafunzi mzuri, mwenye umakini wa mtu aliyezoea kupima dawa za watu. Alifanya yote. Shangazi akazunguka. Mjane akashusha mabega, akatoa pumzi, akamgeuzia mgongo. Shangazi akaendelea kuzunguka. Mjane akarudia. Farasi akamtazama, akatikisa kichwa, akaongeza mwendo.

"Una hofu," nilimwambia. "Anaisikia."

"Sina hofu, mzee."

"Mwili wako unayo."

Tukarudia siku iliyofuata, na iliyofuata. Nilimrekebisha kiwiko, nikamrekebisha kidevu. Nilimwambia atembee kwa utulivu, akatembea kwa utulivu. Nilimwambia afikirie kitu cha furaha, akaniuliza kipi, nikajuta kusema. Kila nikiingia mimi, Shangazi alinyenyekea kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Akiingia yeye, hamjui. Sikuwahi kuona kitu kama kile, na kwa kuwa sikuwahi kukiona, niliamua kosa ni la mjane.

Ilipobaki wiki moja lori lije, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuvua glavu yake.

"Labda alikuwa wake tu," alisema. "Wako watu wa hivyo. Wanampenda mmoja, wengine wanawavumilia. Pengine muda wote alikuwa ananivumilia kwa ajili ya mume wangu."

"Usiseme hivyo."

"Nitampigia shemeji. Nitamwambia alete lori mapema. Kuvuta siku ni kujitesa."

"Nipe siku moja," nilisema, ingawa kwa kweli sikujua ningeitumia kufanya nini.

Siku hiyo niliyoiomba mke wangu alifuatana nami. Yeye ni fundi cherehani, na mjane alikuwa amemwagiza amshonee suruali ya kupandia farasi katika siku za matumaini. Mke wangu alimpima kiuno na miguu, akaandika vipimo kwenye kiganja chake kama kawaida yake, kisha akaketi kando ya uzio na chupa yake ya chai. Yeye hawapendi farasi. Husema wana meno ya binadamu.

Niliingia kwanza. Shangazi alinifuata, akasimama, akageuka. Nikatoka, mjane akaingia. Shangazi akaanza kuzunguka kama kawaida yake.

Nyuma yangu nilisikia kicheko. Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga na mabega yanamtikisika.

"Kuna nini cha kuchekesha?" nilimuuliza.

"Hapana, baba watoto. Endeleeni."

"Sema."

"Nitasema kitu halafu uninunie wiki nzima."

"Mimi sinunagi."

"Haya." Akaweka kikombe chini. "Huyu mwanangu anafanya kila unachofanya wewe, isipokuwa hachechemei."

"Nani anachechemea?"

Mke wangu akamtazama mjane. Mjane akatazama kwato za farasi kwa makini sana.

"Mimi sichechemei," nilisema. "Mguu wa kushoto huwa mkaidi asubuhi. Ukaidi siyo kuchechemea."

"Mume wangu, hebu simama wima uangalie suruali yako."

Nikaangalia. Pindo la kulia lilikaa juu ya kiatu, na la kushoto lilikaa juu ya kiatu. Yalilingana kabisa, na nikamwambia hivyo.

"Yanalingana kwa sababu mguu wa kushoto nimeupunguza," alisema. Sasa hakuwa anacheka. "Nyonga yako imeshuka upande huo. Ningeacha pindo sawasawa ungekuwa unafagia barabara. Nimekuwa nikiupunguza katika kila suruali, tangu ile ya kijivu."

"Ile ya kijivu ni ya zamani."

"Ndiyo. Ni ya zamani."

Nilisimama pale huku uso unanichoma. Nilikumbuka suruali zote zilizopita mikononi mwake tangu ile ya kijivu, na jioni zote alizokaa kwenye cherehani akinipunguzia mguu mmoja bila kusema neno, kwa kuwa alijua ningekasirika. Nilitaka kukasirika kweli. Nilitafuta hasira yangu, sikuiona.

Halafu kichwa changu cha kazi kikaamka. Nilifikiria jinsi ninavyosimama katikati ya uwanja. Kabla sijashusha mabega, kabla sijatoa pumzi, ninahamishia uzito mguu wa kulia na kuuvuta wa kushoto. Lazima nifanye hivyo, la sivyo nyonga inanichoma. Kila mara nilipomwachia Shangazi, kitu cha mwisho alichokiona kabla ya kuachwa kilikuwa mguu ule ukiburuta mchanga. Mabega yangu, pumzi yangu, kila nilichojivunia, kwake vilikuwa mapambo. Neno lenyewe lilikuwa mguu.

"Binti," nilimwita mjane. "Tembea kama mimi."

"Mzee?"

"Chechemea. Niige."

Akashtuka kana kwamba nimemwambia avue nguo. "Siwezi, mzee. Nitakuwa nakudhihaki."

"Shangazi anakusubiri umwambie neno. Mimi nimempa neno baya, lakini ndilo analolijua. Liseme."

Akanitazama, akamtazama mke wangu.

"Jifanye umebeba ndoo ya maji mkono wa kushoto," mke wangu alimwelekeza. "Imejaa hasa. Sasa shusha nyonga, uburute kidogo. Si hivyo, hapo unacheza ngoma. Mzee wangu hana madaha namna hiyo. Buruta. Hapo! Hapo hapo! Yaani ni yeye kabisa!"

Mjane alipiga hatua mbili za namna hiyo na kusimama. Shangazi akakata mwendo kana kwamba amefunga breki. Sikio moja, kisha la pili. Kichwa kikashuka mpaka kwenye mchanga. Kisha akaja, polepole, akiwa anatafuna mdomo mtupu kama wafanyavyo farasi wakielewa jambo, akasimama nyuma ya mjane na kumpulizia shingoni.

Mjane hakugeuka. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, kwa kuogopa kuinua mkono.

"Hakuwa ananikataa," alisema.

"Hakuwa anakuelewa," nilisema. "Kosa ni la mwalimu."

Kwa mtu wa aina yangu hayo ni maneno machache yenye gharama. Mke wangu aliyasikia, akajifanya anatafuta kifuniko cha chupa.

Tungeweza kuishia hapo. Mjane angechechemea mbele ya shemeji yake, farasi angefuata, mambo yakaisha. Lakini nilikataa. Mwanamke mwenye miguu mizima hawezi kuishi akiigiza nyonga ya mzee kila anapotaka farasi amfuate. Tena siku akisahau, akiwa juu ya mgongo wa Shangazi, itakuwaje? Ilibidi neno jipya lizaliwe ndani ya lile la zamani. Kila asubuhi alianza kwa kuchechemea huku akitoa pumzi ndefu. Kisha akapunguza kuchechemea, pumzi ikabaki vilevile. Ndoo ya kufikirika ikawa nusu, ikawa robo. Siku nyingine Shangazi alifuata pumzi. Siku nyingine alisimama akautafuta mguu kwa macho, na tukalazimika kumrudishia ndoo yake.

Siku ya lori ilifika tukiwa bado hatujamaliza.

Shemeji aliingia na gari lake, lori likamfuata na kusimama nje, kando ya geti kubwa lililoachwa wazi, dereva akazima injini na kuanza kula karanga. Shemeji alinisalimia kwa heshima, akaegemea uzio.

"Haya, shemeji. Uwanja ni wako."

Mjane aliingia zizini akiwa na kamba ya kichwani mkononi. Alikuwa amevaa suruali mpya. Akamvalisha Shangazi kamba bila tabu, na nilimwona shemeji akinyanyua nyusi. Kisha akatoa pumzi na kuanza kutembea kuelekea geti la zizi.

Shangazi hakuondoka. Alikuwa ameinua kichwa, masikio mbele, ananitazama mimi.

Mjane akatoa pumzi tena. Kamba ikakaza kidogo, akailegeza, kama nilivyomfundisha. Farasi akabaki kaelekeza macho kwangu, juu ya bega la mjane.

"Anasubiri ruhusa kwa fundi," shemeji alisema taratibu. Hakusema kwa ubaya. "Si kwake."

Na alisema kweli. Nilikuwa nimesimama mahali pangu pa kila siku, kwenye nguzo ile ile, uzito mguu wa kulia. Ningevuta mguu wa kushoto mara moja tu, Shangazi angetembea, na hakuna ambaye angejua. Mguu wenyewe ulikuwa unaniomba. Lakini hapo angekuwa ametembea kwa ajili yangu, na mimi jioni ninakwenda kwangu.

Niligeuka nikaondoka. Nilitembea kwa mwendo wangu, bila kujikaza na bila kujificha, mpaka nyuma ya stoo ya nyasi ambako siwezi kuonekana, nikaketi juu ya robota la nyasi. Sijawahi kukosa kuangalia farasi wangu akihitimu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe kwa ajili hiyo.

Kwa muda sikusikia kitu. Dereva alikohoa. Kisha nikasikia kamba ya geti la zizi ikifunguliwa, na kwato kwenye kokoto, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kando ya kwato kulikuwa na viatu, kulia na kushoto vikikanyaga kwa uzito mmoja. Vilinipita upande wa pili wa ukuta na kuelekea malishoni.

Shemeji alitokea kwenye pembe ya stoo. "Fundi, umejificha?"

"Nimepumzika."

"Njoo uone basi."

Nilisimama karibu naye. Kule malishoni mjane alikuwa amemvua Shangazi kamba na amesimama akiwa ameishika kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyepokea mzigo na hajui auweke wapi. Shangazi alikuwa anakula majani pembeni yake. Nyuma yao geti la malisho lilikuwa wazi kabisa. Kwa furaha yake mjane alisahau kulifunga, na kutoka pale mpaka barabarani hapakuwa na kizuizi chochote.

"Geti liko wazi," shemeji alinong'ona. Sikujua kwamba ana sauti ya kunong'ona.

"Naliona."

"Atatoka, fundi! Nimwite shemeji?"

"Usimwite. Subiri."

Shangazi aliinua kichwa akiwa na majani yananing'inia mdomoni. Aliangalia geti. Aliangalia barabara ile kwa muda mrefu, ile ile aliyokuwa akiisimamia kila jioni. Kisha akatafuna, akasogea hatua moja kumfuata mjane, akarudisha mdomo chini.

Shemeji akasafisha koo na kwenda kumwambia dereva ageuze lori.